Simba Aliishia Abu Dhabi

Familia ya Al Amerat, Oman, iliyotaka kumwona Simba jukwaani mwaka 2022 ilibidi ipange safari ya nchi mbili. Tamthilia ya The Lion King ilikuwa Etihad Arena, kwenye Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kuanzia tarehe 16 Novemba hadi 10 Desemba, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Mashariki ya Kati. Kutoka Al Amerat ni kupanda barabara ya mlima hadi Bausher, kushika njia ya Sohar kandokando ya pwani ya Batinah, kuvuka mpaka, kisha kuendelea mpaka kisiwani. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Kuna mafuta, kuna bima ya gari ya upande wa pili, na kuna chumba cha hoteli, maana nani atarudi na watoto usiku ule ule? Kwa nyumba yenye watoto wanne, tiketi huenda isiwe hata kipengele kinachouma zaidi.

Biashara ya kuichukua filamu inayopendwa na kuigeuza tamthilia ya nyimbo na vichekesho imeenea kiasi kwamba New York na London haupiti msimu bila tamthilia mpya ya aina hiyo. Sababu haihitaji mtaalamu. Jina linalojulikana huuza tiketi kabla bango halijabandikwa ukutani. Mama aliyeipenda filamu akiwa msichana humpeleka binti yake, na wawekezaji wanaoogopa hadithi ngeni hulegeza mkoba wakisikia jina walilokua nalo.

Mfano unaopendwa na watu wa fedha ni The Producers wa Mel Brooks. Filamu ilitoka mwaka 1968, ikapanda jukwaa la Broadway Aprili 2001, ikanyakua tuzo 12 za Tony, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka huo huo wenye onyesho walianza kuuza baadhi ya viti bora kwa dola 480, wakati kiti cha kawaida cha bei ya juu kilikuwa dola 100, kwa hoja kwamba fedha hizo walikuwa wakizila walanguzi wa barabarani. Mwaka 2005 ikarudi kuwa filamu tena. Hadithi yenyewe inahusu watayarishaji wawili matapeli wanaouza hisa za onyesho kupita kiasi, wakitegemea lianguke ili pasiwe na mwenye hisa wa kudai faida. Bahati mbaya yao, watu wakalipenda. Sidhani kama kuna somo la uwekezaji lililowahi kuchekesha kiasi hicho. Hairspray nayo ilizunguka hivyo hivyo: filamu 1988, jukwaa 2002, filamu tena 2007.

Lakini jina si dawa. Some Like It Hot, iliyotokana na filamu ya vichekesho ya 1959 ya Marilyn Monroe, ilifunguliwa Broadway mwishoni mwa 2022, ikapata tuzo nne za Tony, na bado ikafungwa tarehe 30 Desemba 2023 bila kurudisha mtaji wake. Wenyeji wa Broadway husema onyesho moja tu katika matano ndilo hurudisha fedha za waliolitolea.

Kinachoamua ni muda. Onyesho lina vitabu viwili vya hesabu. Cha kwanza ni mtaji wa kuanzisha: mandhari, mavazi, mitambo, taa, miezi ya mazoezi. Huo hulipwa mara moja. Cha pili ni gharama za kila wiki: mishahara, kodi ya ukumbi, matangazo, na mrabaha wa watunzi na wa mwenye filamu. Kwa desturi maonyesho huwa manane kwa wiki. Kinachobaki baada ya kulipa kitabu cha pili ndicho kinachopunguza deni la cha kwanza, senti kwa senti, miezi na miezi. Kwa hiyo onyesho linalokaa huweza kutajirisha, na linalohama hama huweza kula faida yake njiani, kwenye makontena na tiketi za ndege.

The Lion King imekaa. Filamu ilitoka 1994, tamthilia ikafunguliwa New York Novemba 1997 chini ya Julie Taymor, na haijashuka Broadway hadi leo, ukiacha mapumziko kama ya korona kumbi zote zilipofungwa. Ina vikaragosi zaidi ya 200, vingine vikivaliwa na waigizaji, vingine vikisukumwa. Imetazamwa na watu zaidi ya milioni 100 na mapato yake duniani yamepita dola bilioni 8. Hakuna filamu hata moja inayoweza kujisifu kwa mapato hayo. Ilipokwenda Afrika, mwaka 2007, ilikwenda Johannesburg, katika ukumbi wa Teatro wa Montecasino wenye viti takriban 1,900 uliofunguliwa nayo. Nairobi na Dar es Salaam hazikuwa na ukumbi wa namna hiyo.

Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapokunja uso. Ndani ya onyesho hilo zinasikika lugha sita za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa hayahitaji kufasiriwa kwa mtoto wa Zanzibar wala wa Muscat. Tamthilia nzima imechezwa kwa lugha tisa, kuanzia Kijapani na Kijerumani hadi Kireno. Kiswahili si mojawapo. Maneno "hakuna matata", ambayo Them Mushrooms wa Mombasa waliyaimba tangu 1982, Disney iliyaombea alama ya biashara mwaka filamu ilipotoka, ikasajiliwa Marekani 2003 kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja, Shelton Mpala, alianzisha ombi la kupinga na makumi ya maelfu wakatia saini. Usajili huo haumzuii mtu kusema maneno hayo. Unachoonyesha ni mahali fedha zinapolala: tiketi huisha na usiku wake, fulana huuzwa miaka yote.

Muscat haina upungufu wa ukumbi mzuri. Nyumba ya Opera ya Kifalme, Shati al-Qurum, ilifunguliwa tarehe 12 Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini iliyotayarishwa na Franco Zeffirelli, na mwaka 2019 ikaongezewa Nyumba ya Sanaa za Muziki. Ukumbi mkuu una viti takriban 1,100. Pigia hesabu: maonyesho manane ya wiki moja, kila kiti kikiwa kimejaa, ni viti 8,800. Etihad Arena inaweza kubeba watu hadi 18,000 kwa usiku mmoja, ingawa kwa tamthilia hupunguzwa, na Dubai Opera ina takriban 2,000. Mtayarishaji mwenye makontena bandarini atachagua wapi? Nyumba ya Opera huendeshwa kwa mkono wa dola na ratiba yake hupangwa kwa siku chache chache kwa kila kundi mgeni, jambo linalowafaa wapenzi wa opera na baleti. Kwa tamthilia inayohitaji wiki nne ili ivute pumzi, ni ziara ya hasara isipokuwa mtu mwingine amelipa.

Al Amerat yenyewe, ng'ambo ya mlima, inajulikana kwa burudani ya namna nyingine. Tamasha la Muscat, lililoanza 1998, kwa miaka mingi lilijaza bustani ya umma ya Al Amerat kwa ngoma, vibanda vya mafundi, vyakula na michezo ya watoto, na baadaye likaja tamasha la Layali Muscat chini ya Manispaa ya Muscat. Wilaya hii pia ilipokea mechi sita za Kombe la Dunia la kriketi la T20 Oktoba 2021, kwenye uwanja wa chuo cha kriketi cha Oman. Watu wanakuja, basi. Ila wamezoea jukwaa la wazi na kiingilio kidogo, na hakuna mtayarishaji wa New York atakayerudisha mtaji kwa baisa za bustanini.

Njia ya pili ipo, na Waarabu waliipita zamani. Mwaka 1969 Fuad al-Muhandis na Shwikar waliichukua My Fair Lady wakaifanya Sayyidati al-Jamila, ya Cairo kwa kila hali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Madrasat al-Mushaghibin, ya mwandishi Ali Salim, ambayo wengi huitaja kuwa chipukizi la filamu ya Sidney Poitier ya 1967, To Sir, with Love. Adel Imam na wenzake waliwafanya wanafunzi watukutu wa filamu wawe Wamisri halisi, na televisheni za Kiarabu zimeirusha sikukuu baada ya sikukuu hadi watu wazima wa Oman wanamtangulia mwigizaji kwa maneno. Hawakusafirisha kontena hata moja. Walichukua wazo, wakabadilisha mji, lugha na utani.

Wahindi nao wameingia sokoni, na hili linawagusa Waswahili wa Muscat kwa karibu, kwani wazee waliokuja kutoka Unguja na Mombasa baada ya 1970 walilelewa na filamu za Kihindi, kwenye kumbi za sinema kama Majestic ya Vuga na Cine Afrique za Zanzibar. Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 iligeuzwa tamthilia ya mapenzi na vichekesho, Come Fall in Love, ikaonyeshwa San Diego mwaka 2022 na Manchester 2025, mwongozaji akiwa yule yule Aditya Chopra. Raj wa filamu akawa Rog, kijana Mzungu. Mashabiki wengi walilalamika mitandaoni, na ni vigumu kuwalaumu: aliyenunua tiketi kwa sababu ya jina hununua pia sura anayoikumbuka.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, jaribio lililofika mbali ni la Nairobi. Tinga Tinga Tales ilikuwa katuni ya televisheni iliyochorwa na Homeboyz Animation na kurushwa na BBC kuanzia 2010. Mwanamuziki Eric Wainaina na wenzake wakaifanya tamthilia ya nyimbo, na mwaka 2018 ikachezwa New Victory Theater, New York. Ni hadithi za wanyama za kuchekesha, waigizaji wachache, mandhari inayobebeka. Kazi ya ukubwa huo inaingia bustani ya Al Amerat bila kubomoa chochote.

Kwa sasa, Simba aliye karibu zaidi na watoto wa Al Amerat ni wa shule. Music Theatre International hutoa leseni za matoleo mafupi ya The Lion King, la dakika 30 kwa wadogo na la dakika 60 kwa wakubwa kidogo, pamoja na maandiko na muziki uliorekodiwa. Sharti lake ni kwamba maneno hayabadilishwi bila ruhusa, na kutafsiri ni kubadilisha. Mwalimu anayetaka Timon atanie kwa Kiswahili cha Unguja lazima aandike barua kwanza.

Na kwa yeyote atakayetaka kujaribu nje, kalenda ni finyu. Joto la Muscat huacha miezi ya Novemba hadi Machi tu kwa jukwaa la wazi, na ndiyo miezi ambayo Riyadh, Dubai na Abu Dhabi zinagombea mafundi wa taa, spika na malori yale yale.