Kompyuta mpya inajizima na kuwaka yenyewe: tuanze kuangalia wapi?

Mtu ananunua kompyuta mpya ya mezani, anaifikisha nyumbani Majengo ao Ndosho, na siku ya pili inajizima na kuwaka yenyewe katikati ya kazi. Wengi wanasema ni virusi. Wanalipa fundi aifute yote, na shida inabaki palepale.

Angalia kwanza namna inavyozimika. Kama kioo kinageuka buluu chenye maandishi, mara nyingi ni bareti ya memwari iliyolegea katika safari, ao programu mbaya. Kama inakatika ghafula bila neno, umeme ndio wa kushuku. Windows inaandika namba 41 katika daftari lake, lakini namba hiyo inasema tu kama mashini ilizimika vibaya, haitaji sababu.

Goma, hata kama unalipa SNEL, Virunga Energies ao Nuru, waya wa ndani ya parcelle unaweza kuwa umegawanywa kwa nyumba nyingi. Saa jirani anawasha pasi ao resho, volti zinashuka chini ya 220. Kompyuta ya kubeba haisikii, iko na betri. Ya mezani haina.

Basi andika saa inapozimika, kisha uijaribu siku nzima kwa ndugu mwenye laini nyingine. Ikizimika na kule, irudishe dukani bila kuifungua, mbele garanti iishe. Ikitulia, nunua stabilizateri. Lakini umeme ukikatika kabisa, hiyo haisaidii. Onduleri ndiyo inampa mwanafunzi dakika chache za kuhifadhi TFC yake.