Mtoto akitoka jasho anaponyonya, msingoje

Ndugu zangu, mpwa wangu wa miezi minne alikuwa akinyonya kidogo, anaachia titi, anahema, jasho linamtiririka kichwani. Nyumbani tukasema kabemendwa. Siku mbili zikapita kwa kombe.

Hospitalini tukaambiwa moyo umeshindwa kusukuma damu, mapafu yamejaa maji. Wakamwinua kichwa, wakampa oksijeni na dawa ya kutoa maji kwa mkojo, furosemaidi. Kisha wakatafuta chanzo: moyo ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa.

Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika ametulia, au akishindwa kunyonya, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Dua tumsomee njiani.