Somo la Redio: Boma la Biharamulo Latufunza Nini?

Leo tutazungumza juu ya ngome za zamani.

Ngome ni jengo la vita: kuta nene, lango moja, na mahali pa juu pa kumwona adui angali mbali. Ngome mashuhuri ya pwani yetu ni Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Omani waliizingira tangu 1696, wakaiteka 1698. Baadaye Waingereza waliifanya gereza. Na tangu 1960 ni jumba la makumbusho. Kumbe mahali palipowatisha watu paweza kugeuzwa darasa.

Lakini si lazima tusafiri hadi pwani. Biharamulo, juu ya kilima, lipo boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Neno boma lilikuwa letu kabla yao: ni ua wa miti au miiba wa kulinda watu na ng'ombe. Wajerumani walipojenga nyumba za serikali zenye kuta kama za ngome, watu waliziita kwa jina hilo hilo. Kutoka katika maboma ya namna hii walitoza kodi ya nyumba, iliyoanza nchini mwaka 1898.

Mwezi wa Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Biharamulo; Septemba likaiteka Tabora. Fikirini jambo hili: pande zote mbili askari walio wengi walikuwa Waafrika, na mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi Waafrika. Ugomvi ulikuwa wa Wazungu. Vifo vingi vilikuwa vyetu.

Wengine husema, "Jengo la waliotutawala lina faida gani? Afadhali libomoke." Nawajibu hivi: Wajerumani walitoa amri, lakini mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya watu wa nchi hii, na majina yao hayakuandikwa ukutani. Boma likianguka, kazi yao haina shahidi tena. Kule Kalenga, Iringa, jumba la makumbusho limehifadhi fuvu la Mtemi Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Huko habari za vita vile twazisimulia wenyewe.

Basi mkilitembelea boma, kwanza simameni langoni mtazame bondeni, mjue kwa nini kilima kilichaguliwa. Pili, pimeni unene wa ukuta kwa shibiri. Tatu, mwulizeni mzee aliyesikia habari kwa babu yake, mkaandike maneno yake siku ile ile, maana mzee hangoji. Msichore majina ukutani, wala msichukue hata tofali moja.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini boma lilijengwa juu ya kilima?
2. Nani katika kijiji chenu ajua habari za wapagazi wa 1916?
3. Nani ataziandika, na lini?

Kwaherini.