Lenzi ndefu ilivyoninyima picha ya shangazi

Na Mwandishi Wetu

KWA wanaoijua barabara ya Kisoro kwenda Kabale, Kanaba ni mahali ambapo gari hupunguza mwendo dereva apende asipende. Kona ni kali, mlima ni mrefu, na abiria wote hugeuza shingo kutazama walikotoka.

Chini linabaki bonde la Kisoro na vilima vyake vidogo. Nyuma ya bonde imesimama milima mitatu ya volkano, Muhabura, Gahinga na Sabinyo, ambayo Uganda na Rwanda wanagawana. Muhabura peke yake una mita 4,127.

Mwezi wa Julai 2018 nilishuka hapo nikiwa na kamera ya Nikon shingoni na lenzi ya milimita 70 hadi 300, ndefu kama chupa ya soda. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walinizunguka. Nilijiona mpiga picha kweli kweli.

Nilipiga picha zaidi ya 200. Nyumbani Kigali, nilipozifungua kwenye kompyuta, hazikufika tano zilizokuwa safi. Lakini si hizo zinazoniuma mpaka leo. Inayoniuma ni picha moja ambayo sikuipiga, na ambayo ndiyo iliyonipeleka Kisoro.

Naandika makala haya kwa ajili ya wenzangu wanaopenda kamera, hasa sisi wa familia za waliorudi, wenye ndugu ng’ambo zote mbili za mpaka. Wapo wengi wanaojinyima wanunue lenzi. Nawaomba wasome kwanza yaliyonikuta.

Alichoniagiza baba

Baba yangu aliikimbia Rwanda akiwa mtoto mwaka 1959, akakulia Uganda, akarudi mwaka 1994. Dada yake mkubwa hakurudi. Alikuwa ameolewa na Mfumbira, ana shamba la viazi na watoto, akabaki kijijini nje kidogo ya mji wa Kisoro.

Kufikia mwaka 2018 wote wawili walikuwa wazee. Baba hakuweza tena kukaa garini siku nzima. Aliniita akaniambia: “Wewe mwenye kamera, niletee picha ya dada yangu. Nataka kumwona uso.”

Badala ya kujiuliza ni kifaa gani kinafaa kumpiga bibi kizee aliyeketi nyumbani kwake, mimi niliona nimepata sababu ya kununua lenzi niliyokuwa naiota. Niliuza lenzi yangu ndogo ya milimita 18 hadi 55, ile inayokuja na kamera, nikaongeza akiba, nikaenda kwenye duka moja la vifaa vya mtumba jijini Kampala.

Muuzaji alinionyesha lenzi inayong’aa. Alinihakikishia kwamba “inaingia kwenye Nikon zote.” Hilo lilikuwa kweli, iliingia. Alichoacha kuniambia ni kwamba kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo lingine.

Makosa matatu ndani ya lenzi moja

Kosa la kwanza lilikuwa mota. Kamera ndogo za Nikon, kama D40, D60 na zile za familia ya D3000 na D5000, hazina mota ya kufokasi ndani ya mwili wake. Zinahitaji lenzi yenye mota yake. Kwa lenzi za Nikon, tafuta herufi AF-S. Ukiona AF peke yake, au namba inayoishia na herufi D kama 50mm f/1.8D, jua kwamba kwenye kamera hizo utazungusha fokasi kwa mkono. Kamera za familia ya D7000 hazina shida hiyo.

Yangu ilikuwa D3200 na lenzi ilikuwa AF tupu. Kule Kanaba nilikuwa nakisia.

Wenye Canon za EOS wana nafuu, kwa sababu lenzi zote za EF na EF-S zina mota ndani. Mtego wao ni mwingine: lenzi ya EF-S haikai kwenye kamera zenye sensa kubwa kama 5D, ila ya EF hukaa kote kuwili. Na mwenye kamera mpya ya Canon R au Nikon Z atahitaji kiunganishi ili atumie lenzi hizi za zamani.

Kosa la pili lilikuwa fangasi. Lenzi iliyokaa kwenye mkoba wenye unyevunyevu huota nyuzi nyembamba ndani ya vioo, mfano wa utando wa buibui. Kwa nje huoni kitu. Kwenye picha mwanga hutawanyika na rangi hupauka.

Kosa la tatu halikuwa la duka, lilikuwa langu. Julai ni kiangazi. Vumbi na moshi wa mashamba hutanda kati yako na mlima, na lenzi ndefu hailiondoi vumbi hilo, bali hulikuza pamoja na mlima. Hewa safi huja baada ya mvua, wakati wale wenye haraka wamekwisha kuondoka.

Jikoni kwa shangazi

Shangazi nilimkuta jikoni. Nyonga ilikuwa imemsumbua miezi mingi, hatoki nje ila kwa kushikwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, mlango mmoja, dirisha dogo lisilozidi ukubwa wa sinia.

Nilimwonyesha picha za milima kwenye kioo cha kamera. Akatazama, akacheka. “Umetoka Kigali kuja kupiga Muhabura? Si hata kwenu unaonekana?”

Nilipotaka kumpiga yeye, lenzi ilikataa. Lenzi ile haioni vizuri kitu kilicho chini ya mita moja na nusu, na jiko lote halikuzidi mita tatu. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikapata uso na mabega tu.

Halafu giza. Lenzi za bei ya chini zinazovuta mbali hufunguka kidogo tu, kama f/5.6. Lenzi ndogo ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Maana yake, pale ambapo lenzi ya f/1.8 inapiga kwa sehemu moja ya 100 ya sekunde na mkono ukatulia, yangu ilihitaji sehemu moja ya kumi, na kila picha ikatikisika. Simu yangu ya wakati huo ilitoa kivuli chenye chengachenga.

Nikamwambia, “Shangazi, nitarudi mwakani na kifaa kizuri.” Akasema sawa, nisisahau kumletea baba yangu viazi. Nikabeba gunia.

Mwisho wa Februari 2019 njia ya Gatuna ilifungwa, na sisi wa upande wa Rwanda tukazuiwa kuvuka kwenda Uganda. Wafanyabiashara wa mpakani wanajua miaka ile ilivyokuwa, sina haja ya kuwasimulia. Kisha ikaja korona. Gatuna ilifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, na mwezi wa Machi abiria wa kawaida tukaanza kupita.

Shangazi alikuwa amefariki mwaka 2021.

Kabla ya kutoa fedha

Sasa hivi lenzi za mtumba ni nyingi, kwa sababu wengi wanahamia kamera mpya zisizo na kioo cha ndani. Ni nafasi nzuri kwa mnunuzi mwenye macho. Ukifika dukani, fanya haya:

Nenda na kamera yako mwenyewe. Usikubali lenzi ijaribiwe kwenye kamera ya muuzaji.

Beba tochi ndogo. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika upande mmoja na utazame kwa upande mwingine, ukiielekeza lenzi huku na huku. Vumbi kidogo halina madhara. Ukiona nyuzi au doa lenye matawi, rudisha.

Tazama vile vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Viwe vikavu. Vikiwa na mafuta vitanasa, na picha zitatoka nyeupe au nyeusi.

Zungusha pete zote. Zisikwame, zisilie kama zina mchanga.

Piga picha ya ukuta wenye maandishi, kisha ikuze kwenye kioo cha kamera. Linganisha pembe nne. Upande mmoja ukififia kuliko mingine, huenda lenzi hiyo iliwahi kuanguka.

Dai risiti yenye namba iliyochongwa kwenye lenzi. Itakufaa dukani na mpakani pia.

Kuhusu mpaka, wachuuzi wasijidanganye. Ule utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lenzi inatoka Japani, China au Thailand, haimo. Ukinunua mpya, itangaze. Ukisafiri na ya zamani, tembea na risiti yake ili usiulizwe ushuru wa kitu chako unaporudi.

Na ununue ipi? Kama una ile ya 18 hadi 55 usiiuze, hilo ndilo kosa nililoanzia. Ongeza lenzi moja ndogo ya f/1.8. Kwa Nikon ndogo ipo AF-S ya milimita 35 iliyotoka mwaka 2009. Kwa Canon ipo ya milimita 50 iliyotoka mwaka 2015, wakati huo kwa bei isiyozidi dola 130 ikiwa mpya. Fedha itakayobaki, weka mafuta kwenye gari.

Siku mbili, nchi mbili

Mzunguko wenyewe ni kilomita 300 na ushee: Kigali, Musanze, Cyanika, Kisoro, Kabale, Katuna, Kigali. Lala usiku mmoja Kisoro.

Toka Kigali saa 11 alfajiri. Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana asubuhi hiyo ni umuganda na barabara husimama. Nyirangarama ni mahali pa kunywa chai na kula mshikaki. Baada ya hapo barabara inapanda kwa kona nyingi hadi Musanze, ambako wazee bado wanapaita Ruhengeri.

Kutoka Musanze kwenda Cyanika, Ziwa Burera litakuwa kuliani na Muhabura kushotoni. Hapo ndipo utakapojua kwamba lenzi ndefu haina kazi. Mpaka uko miguuni mwa mlima, na lenzi ya milimita 300 itakupa kipande cha msitu. Milimita 18 inakupa shamba, njia, watu na kilele chote.

Fika mapema, kwani mara nyingi mawingu hufunika kilele kabla ya saa sita.

Ukivuka Cyanika kumbuka mambo mawili. Rwanda tunaendesha kulia, Uganda wanaendesha kushoto. Na saa hubadilika: saa 12 ya Kigali ni saa moja Kisoro. Ukipanga kuwahi jua kwa saa ya nyumbani, kubaliana na dereva ni saa ya nani.

Pale mpakani, kamera ikae mkobani. Usipige ofisi, askari, kizuizi cha barabarani wala magari ya jeshi. Akina mama waliobeba mizigo kichwani pia waombe ruhusa kwanza. Mwingine ana sababu zake za kutotaka kuonekana, nawe hujui ni zipi.

Asubuhi ya pili panda Kanaba mapema. Jua linatoka nyuma yako na kuiangukia milima usoni. Jioni ni kinyume, unapiga ukiwa umeelekea jua, milima inabaki kivuli. Baada ya Kanaba unaingia msitu wa Echuya wenye mianzi, kisha Ziwa Bunyonyi linaonekana chini, na matuta ya Kabale yaliyopangwa kama ngazi. Ukishavuka Katuna, bonde la chai la Mulindi litakusindikiza kuelekea Kigali.

Anza na wazee

Aprili 2022 nilirudi Kisoro na lenzi ya milimita 35. Nilipiga jiko lile, kigoda kile, na binti yake mkubwa akiwa amekikalia, anamenya viazi. Mwanga wa dirisha dogo ulitosha kabisa.

Baba aliishika ile picha ya mpwa wake kwa muda mrefu. Akauliza kama ni jiko lile lile. Nikamwambia ndilo. Akauliza dada yake alikuwa anakaa upande gani wa moto, nikamwonyesha kwa kidole. Picha ya Muhabura, ambayo safari hii ilitoka safi, hajaigusa.

Kwa hiyo, msomaji, kama una mzee ng’ambo ya mpaka na umeanza kuweka akiba ya lenzi, usiingoje. Nenda na ulichonacho, hata kiwe simu ya mtu. Fungua mlango, msogeze karibu na mwanga, piga picha. Milima utaipiga wakati wa kurudi.