RUTA ILIYODHANIWA IMEKUFA

Likizo iliyopita nilifanya jambo nyumbani lililomuudhi baba na kumkwamishia mama kazi kwa siku mbili. Nalieleza hapa ili mwenzangu asilirudie, na kama amekwisha kulifanya, ajue njia ya kujitoa.

Nyumbani kwetu, Nkuhungu, tuna ruta moja, yaani kile kisanduku chenye antena kinachogawa intaneti ndani ya nyumba. Mama ni fundi cherehani, naye hupokea oda za sare kwa simu. Dada hufuata masomo ya chuo kwa kompyuta. Ruta yenyewe ni ya zamani, na mtengenezaji wake alikwisha acha kuitolea marekebisho ya usalama. Tena mtu mmoja akifungua video, wengine wote hukwama. Nikasoma ya kuwa iko programu iitwayo OpenWrt iwezayo kuipa ruta kongwe maisha mapya, na kuwagawia watu intaneti kwa haki. Jumamosi moja jioni nikaitia, bila kusoma maelezo yake hadi mwisho.

Programu hii ni nini?

Kila ruta ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna programu iliyoandikwa katika kumbukumbu ya kudumu, nayo ndiyo inayoiongoza kazi zote. Mafundi wa simu mjini huita kazi ya kuibadili programu ya namna hii "kuflashi". OpenWrt ni programu huria, maana yake maandishi yake ya asili yako wazi kwa mtu ye yote kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine.

Chanzo chake ni ruta ya kampuni ya Linksys iitwayo WRT54G, iliyotoka mwaka 2002. Watu waligundua ya kuwa ndani yake mna Linux, programu ambayo leseni yake humtaka anayeigawa atoe pia maandishi ya asili. Mwaka 2003 kampuni ikayatoa, na mwaka 2004 kazi ya OpenWrt ikaanza. Hata jina lake lakumbusha ruta ile.

Lakini ruta ile yatufundisha kujihadhari pia. Toleo lake la tano, la mwaka 2005, lilikuwa na jina lile lile, ila kumbukumbu ya kudumu ilipunguzwa kutoka megabaiti 4 hadi 2, na kumbukumbu ya kufanyia kazi kutoka megabaiti 16 hadi 8. Programu iliyofaa toleo la nne haikufaa la tano. Jina moja, vitu viwili.

Kosa langu

Nilipomaliza kutia programu, taa ziliwaka vizuri, lakini waifai haikuonekana kwenye simu yo yote. Baba akaniuliza, "Mwanangu, umeiua?" Sikuwa na jibu. Nikaunga kompyuta kwa waya, ukurasa wa ruta ukafunguka, lakini kwa hofu sikuutazama vema. Nikadhani nimetia faili lisilofaa. Nikachukua jingine, la ruta yenye jina kama la kwetu lakini toleo lingine. Ruta ikanionya ya kuwa faili hilo si lake. Nikabonyeza kitufe cha kulazimisha. Baada ya hapo ikabaki taa moja tu inayopepesa, na ukurasa haukufunguka tena.

Asubuhi nikaenda kwa kaka mmoja jirani, fundi wa simu. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mdogo wangu, ya kwanza haikuwa imekufa, ilikuwa imenyamaza tu. OpenWrt ikiwa mpya, kwa kawaida waifai yake huwa imezimwa mpaka mwenyewe aiwashe. Ugonjwa umeuleta wewe, kwa dawa yako."

Hatua za kutafuta kosa

Kwa msaada wake nimejifunza utaratibu ufuatao. Ufuateni kwa zamu, msiruke.

1. Ngoja. Ukisha kutia programu, iache ruta dakika tano bila kuigusa. Kuizima wakati inaandika kumbukumbu yake ndiko kuiharibu.

2. Unga waya, usitegemee waifai. Ingiza waya katika tundu la LAN, fungua anwani 192.168.1.1. Ukurasa ukifunguka, ruta ni nzima. Ingia, weka neno la siri, maana mwanzoni halina, kisha washa redio. Katika mipangilio ya redio chagua nchi ya Tanzania, kwa kuwa kila nchi ina sheria zake za mawimbi, na kwetu msimamizi wake ni TCRA.

3. Ukurasa usipofunguka, uliza umetia faili gani. Matoleo ya majaribio ya OpenWrt kwa kawaida huja bila ukurasa wa kubonyeza, nayo hungoja amri za maandishi tu. Mwanafunzi achague toleo lililokamilika.

4. Jaribu hali ya dharura. Washa ruta, na taa ikianza kupepesa upesi, bonyeza kitufe chake. Katika hali hii ruta haigawi anwani, basi ipe kompyuta mwenyewe anwani 192.168.1.2. Ukiingia, waweza kufuta mipangilio mibaya bila kufuta programu.

5. Hayo yakishindikana, tumia programu ndogo ya kuwashia. Hii hukaa mahali pake peke yake, na mara nyingi hubaki salama hata programu kubwa ikiharibika. Katika ruta nyingi, ukishika kitufe huku ukiiwasha, huanza kutafuta faili katika kompyuta iliyo karibu. Aina ya ruta yetu huitafuta kompyuta yenye anwani 192.168.0.66, na faili lazima liwe na jina lile hasa inalolitaka. Ruta nyingine zina anwani na majina mengine, basi soma ukurasa wa aina yako.

Sisi tulijaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulinzi wa kompyuta ulizuia ruta isichukue faili, tukauzima kwa muda. Mara ya pili jina la faili lilikuwa na kosa: kompyuta ilikuwa imeficha mwisho wa jina, nami nikauandika tena, likawa na ".bin" mbili. Mara ya tatu taa ikapepesa, ikatulia, na baada ya dakika chache ukurasa ukafunguka. Mama alipopata oda zake akacheka, lakini baba hakucheka mpaka kesho yake.

Kabla ya kuanza

Yafaa kutazama mambo manne. Kwanza, geuza ruta usome chini yake jina na toleo lake, ukalinganishe na orodha ya OpenWrt. Yenye megabaiti 4 tu za kumbukumbu ya kudumu, au 32 tu za kufanyia kazi, haitoshi kwa matoleo ya sasa. Pili, kutoka programu ya mtengenezaji tumia faili lenye neno "factory", na "sysupgrade" ni la ruta ambayo tayari ina OpenWrt, isipokuwa ukurasa wa aina yako useme vingine. Lihakiki kwa namba ya SHA-256 iliyoandikwa kando yake. Tatu, hakikisha umeme. Siku za radi na mvua usianze kazi hii bila betri. Nne, kama ruta ni mali ya kampuni inayowapa intaneti, usiiguse bila ruhusa.

Tena, usiache kuweka nakala ya mipangilio ya zamani na faili la mtengenezaji, maana ndiyo njia ya kurudi.

Wazee wetu, msiwakataze vijana kujifunza kazi hii, bali waulizeni, "Umesoma maelezo? Njia ya kurudi iko wapi?" Katika mkoa wetu, Kondoa, watu wamewahi kujenga mtandao wa jamii kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mitandao ya namna hiyo yahitaji mikono ya kuitunza, nayo yaweza kuwa yetu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mimi naongeza: kifaa kikikuonya, kisikilize.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano