Kovu Lisilokubali Kuisha

Katika vibanda vya vinyozi vya Kambi Muru, Kibera, mashine hupita visogoni kutwa nzima, na wapo vijana ambao vipele vidogo vya hapo hugeuka uvimbe mgumu unaong'aa. Kawangware, mambo hayohayo huanzia sikioni, msichana akishatogwa ili avae hereni. Wengi huuita keloidi. Si saratani: hausambai mwilini wala hauui. Lakini unawasha, unauma, na ukiota shavuni au kifuani humfanya mwenyewe ajifiche.

Kovu la kawaida hukaa ndani ya mipaka ya jeraha. Keloidi huvuka mpaka na kutwaa ngozi ambayo wembe haukuigusa. Huwapata zaidi watu wa ngozi nyeusi, hasa kati ya miaka 10 na 30, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Nyuma yake zimo seli za kinga, zilezile zinazotulinda na vijidudu.

Ngozi ikikatwa, seli nyeupe ziitwazo neutrofili hufika ndani ya saa chache kuua bakteria. Siku mbili tatu baadaye huingia makrofaji, seli kubwa za kumeza uchafu. Makrofaji zikishasafisha hugeuka na kuamuru ujenzi: hutoa kemikali iitwayo TGF-beta, inayoziamsha fibroblasti zitengeneze kolajeni, nyuzi za kuziba pengo. Jeraha likifunga, amri hiyo hukoma na fibroblasti za ziada hufa. Kwenye keloidi haikomi. Makrofaji za ujenzi hubaki kwa wingi pamoja na seli nyingine za kinga ziitwazo seli T, na kolajeni humwagwa kwa miezi, hata miaka, kama mafundi wanaozidi kupandisha ukuta kwa kuwa msimamizi hajawaambia nyumba imekwisha.

Muwasho nao una mwenyewe. Ni seli za masti, ambazo Mjerumani Paul Ehrlich alizipa jina mwaka 1878. Zimejaa histamini, kemikali inayowasha na ambayo pia huchochea fibroblasti. Mtu anajikuna, ngozi inajeruhiwa upya, seli zinaitwa tena. Mama anayemkataza mwanawe kujikuna anatoa ushauri wa kitabibu hasa.

Kinga ikipungua, ngozi huota vitu vya namna nyingine. Chunjua na vinundu vya moluska huletwa na virusi, na kwa kawaida seli T huviondoa zenyewe, ingawa huchukua miezi au zaidi. Virusi vya Ukimwi vikiangamiza seli T za aina ya CD4, vinundu hivyo huweza kujaa usoni. Dawa za ARV zikizirudisha seli hizo, mara nyingi vinundu hupungua bila kukatwa.

Keloidi inataka kinyume chake, kinga itulizwe, tena papo hapo ilipo. Ndiyo maana kisu peke yake hushindwa. Mtu anachanga pesa, sikio linakatwa, na baada ya miezi uvimbe unarudi, pengine mkubwa kuliko wa kwanza. Inasikitisha kumwona akijilaumu au kudhani amerogwa. Katika ripoti za madaktari, keloidi zilizokatwa tu bila tiba nyingine zimerudi kwa wagonjwa 45 hadi 100 katika kila 100, kwa sababu upasuaji wenyewe ni jeraha jipya.

Kwa hiyo madaktari wa ngozi hudunga triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya uvimbe wenyewe kila baada ya wiki chache. Huzituliza seli za kinga na kupunguza kolajeni, ingawa ngozi ya hapo inaweza kufifia rangi. Ikilazimu kukata, sindano hizo au mionzi hufuata mapema. Sindano inauma, na wengine huacha kliniki mara tu uvimbe unapolainika, wakati seli bado zimo kazini. Aliyekatwa sikio huweza pia kuvalishwa hereni ya kubana kwa saa nyingi kila siku, kwa miezi.