Nusu siku ziwani Kivu: Faida si uzito wa samaki

Na Mwandishi Wetu, Bugarama

KATIKA soko la Bugarama sambaza hawahitaji kutambulishwa. Wapo wabichi, wapo waliokaushwa, na siku ya soko kila mtu ana bei yake na kila mtu anajua aliyeuza rahisi. Lakini ukiuliza ni wangapi kati ya wauzaji na wanunuzi wamewahi kumwona samaki huyo akitoka majini, mikono itakayoinuliwa ni ya kuhesabu.

Si ajabu. Bugarama ni nchi ya mpunga, saruji na joto. Hapa ndipo bonde la mto Rusizi linapofikia sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, kwenye mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko juu yetu, mita zipatazo 1,460. Maji yake tunayaona kila siku yakipita mtoni, lakini ziwa lenyewe wengi wetu tunaliona kupitia dirisha la basi tu tunapokwenda Kamembe kutafuta karatasi za ofisini.

Na bado pale Kamembe mtu anaweza kukodi boti kwa nusu siku, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, akavua karibu na ufuko na kurudi Bugarama kabla jua halijapoa. Makala haya yanaeleza safari hiyo ikoje, nini cha kutegemea na nini cha kujihadhari nacho, hasa kwa sisi tuliorudi kutoka nje na kwa wenzetu wanaoishi kwa biashara ya mpakani.

Kivu si Malindi

Anayesikia habari za kukodi boti ya uvuvi hufikiria pwani. Kule Malindi na Watamu, Kenya, wageni hukodi boti za injini kubwa na kutafuta nguru, kolekole au sulisuli, samaki wa kupigwa naye picha. Atakayekuja Kivu na matumaini hayo atarudi na hasira.

Kivu lina samaki wachache kwa aina. Hawafiki aina 30, wakati Tanganyika, jirani yake wa kusini, lina zaidi ya 250. Sababu ni historia ya ardhi yenyewe. Zamani maji ya eneo hili yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Milima ya volkano ya Virunga ikaziba njia, maji yakajaa, kisha yakapata mlango upande wa kusini na kumwagikia Rusizi. Mto huo hushuka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika, tena kwa maporomoko, kwa hiyo samaki wa kule hawakuweza kupanda wenyewe.

Jambo la pili ni gesi. Ziwa hili lina kina cha mita zipatazo 485, lakini huko chini hakuna hewa ya oksijeni. Kuna kaboni dayoksaidi na methani, ile inayochimbwa Karongi kuzalisha umeme tangu 2016. Samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu, mita 60 hivi na ushei. Basi ziwa ni kubwa kwa macho, lakini nyumba ya samaki ni ghorofa ya juu peke yake.

Hata hivyo kuna faraja: Kivu halina mamba wala kiboko. Wale tuliolelewa kandokando ya Tanganyika tunajua thamani ya maneno hayo.

Mgeni wa mwaka 1959

Hapa ndipo habari inapowagusa waliorudi. Sambaza, ambaye leo ni kitoweo cha Rusizi nzima, si mwenyeji wa Kivu. Ni samaki wa Tanganyika. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, makumi ya maelfu ya vifaranga vya samaki yalichukuliwa Tanganyika na kumwagwa Kivu, ili kuweka samaki katika maji ya katikati ya ziwa ambayo hayakuwa na wa kuyatumia. Walijaribiwa wa aina mbili. Dagaa yule mwembamba, ambaye Warundi humwita ndagala, hakushika. Aliyeshika ni ndugu yake mnene kidogo, anayeitwa lumpu huko Burundi. Huyo ndiye sambaza wetu.

Msomaji atazame tarehe hizo. Ni miaka ileile ambayo wazazi wetu walikuwa wakiikimbia nchi kuanzia 1959, wengine wakiteremka bonde hilihili la Rusizi kuelekea Uvira, Bujumbura na Kigoma. Samaki walipanda, watu wakashuka. Mimi nilisoma Kigoma, nikala dagaa wa Tanganyika tangu darasa la kwanza, na nilipokuja Rwanda nikiwa kijana nilidhani sambaza ni chakula cha mababu ambacho sisi tulikikosa. Kumbe alikuwa ameingia nchini siku zilezile tulipotoka.

Hata mbinu ya kumvua ilitoka Tanganyika. Ilisambaa Kivu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ulipoanzishwa mradi wa uvuvi wa Umoja wa Mataifa huko Gisenyi. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi, wavu hushushwa kati yake, na taa huwashwa juu ya maji. Sambaza hufuata mwanga, wavu huinuliwa. Wavuvi huita chombo hicho ikipe. Zamani taa zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri. Mbalamwezi ikiwa kali, kazi hulala, maana taa haina la kusema mbele ya mwezi.

Asubuhi yenyewe

Tulikuwa walimu watatu na mfanyabiashara mmoja wa mchele. Tulilala Kamembe, kwa kuwa anayetoka Bugarama asubuhi hiyohiyo hukuta mambo mazuri yameisha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa majini, ndani ya mtumbwi wa injini wa mzee mmoja mwenye asili ya Nkombo.

Kitu cha kwanza hukioni, unakisikia. Ikipe zinarudi, na wavuvi wanaimba ili makasia yaende pamoja. Halafu zinatokea kwenye ukungu, miti yake mirefu imetokeza mbele na nyuma kama pembe. Ufukoni kina mama wanangoja na ndoo na mabeseni. Bei ya sambaza ambayo Bugarama tunaigombania hadi jioni huanza kukatwa pale, jua likiwa halijachomoza vizuri. Ndoo zikiwa nyingi bei inashuka, na usiku ukiwa mbaya inapanda.

Baada ya hapo mzee alitupeleka kwenye miamba, upande wa Rwanda, mbele ya kisiwa cha Gihaya. Tukatia ndoana zenye chambo cha minyoo. Maji ya Kivu ni maangavu, na karibu na mawe tuliona kundi la samaki wembamba wenye vidoa vya buluu vinavyometa. Huyo naye ni mtu wa Tanganyika. Aligunduliwa Kivu mwaka 2006, na wavuvi wa upande wetu wakampa jina la Rwanda Rushya, yaani Rwanda Mpya. Anapenda ufuko wenye mawe, na anakula wadudu wadogo wa majini wanaoliwa pia na sambaza.

Hadi saa nne na nusu tulikuwa na samaki kumi na watano. Tilapia walikuwa watatu, wa ukubwa wa kiganja. Waliobaki ni wale wadogo wa mawe ambao wenyeji huwaita indugu. Mwenzetu wa mchele, aliyezoea kupima faida kwa kilo, aliangalia ndoo kisha akamwangalia mzee.

“Mzee wangu, hizi ndizo zote?”

“Mwalimu,” akajibu mzee, aliyetuita wote walimu, “ndoana inalipa asubuhi. Biashara ni ya usiku.”

Jibu hilo linafaa kuandikwa kwenye kila boti ya kukodi. Unacholipia ni saa tano za kukaa mahali ambapo chakula chako kinatoka. Kilo utazipata sokoni.

Patana kabla ya kupanda

Hakuna bei iliyobandikwa. Ni mapatano, na mapatano yafanyike nchi kavu. Yapo mambo matano ya kuuliza. Saa ngapi tunaondoka na saa ngapi tunarudi? Mafuta ya injini ni ya nani? Watu ni wangapi? Ndoana na chambo analeta nani? Na samaki watakaopatikana ni wa nani? Swali hilo la mwisho huonekana dogo hadi tilapia wa kwanza apande.

Jaketi za kujiokolea zihesabiwe kabla ya watu kuketi. Zisipotosha, msipande. Upepo wa Kivu huweza kuamka mchana, na ndiyo maana wenye uzoefu hupenda kurudi kabla ya saa sita.

Chukua kitambulisho. Mpaka wa Rwanda na Kongo umepita ndani ya maji, na pale Kamembe nyumba za Bukavu unaziona kama za jirani wa ng'ambo ya barabara. Kisiwa cha Ijwi ni cha Kongo. Mwambie nahodha mapema kwamba hamtaki kuvuka. Boti iliyopotezwa na mkondo hukamatwa sawa na iliyovuka kwa makusudi. Wafanyabiashara hawahitaji somo refu hapa. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 Februari 2025, kila mmoja wa Bugarama aliona jinsi njia ya jana inavyoweza kugeuka kuwa ukuta.

Uliza pia kuhusu kibali. Sheria ya mwaka 2008 ya uvuvi na ufugaji wa samaki ilifanya uvuvi kuwa kazi ya ruhusa. Na kila mwaka uvuvi Kivu husimamishwa kwa miezi kama miwili ili samaki wazaliane, mara nyingi kati ya Agosti na Oktoba. Anayekuambia wakati huo kwamba twende kimyakimya, mwache aende peke yake.

Neti ndogo, mlango mkubwa

Kilichonifanya niandike makala haya ni kitu nilichoonyeshwa karibu na mawe yale: kipande cha wavu wa kaningini, wenye matundu ambayo hata kidole hakipiti, kikiwa kimenasa chini ya maji. Wavu huo umepigwa marufuku, kama vile chandarua cha mbu, kwa sababu unazoa vifaranga karibu na ufuko, mahali ambapo sambaza wachanga na wale wa indugu hukulia.

Askari wa majini huwakamata wenye nyavu hizo. Lakini askari hawapo kwenye meza zetu za Bugarama. Samaki mchanga asiyefika urefu wa kidole kidogo hutandazwa pale, hupewa jina la “laini”, na hununuliwa kwa furaha kwa kuwa hana mwiba. Anayemnunua ndiye aliyemtuma mwenye kaningini ziwani. Mfanyabiashara akimkataa samaki huyo kwa wiki nne tu, wavu ule hautakuwa na kazi.

Ziwa lilikuwa na nafasi tupu kwa miaka mingi, likajazwa kwa taabu na watu waliobeba vifaranga kutoka mbali. Kuna hasara ambayo mtu anaweza kuirudisha msimu ujao, kama ya mchele uliolowa. Sambaza wakiisha, watoto wetu hawatakuwa na Tanganyika nyingine ya kuendea na ndoo.

Kwa hiyo ndugu mfanyabiashara, na wewe uliyerudi kutoka nje, jipe asubuhi moja. Changeni watu wanne, mlale Kamembe, mkodi boti, mvue samaki wenu wachache. Ukirudi Bugarama, simama mbele ya meza ya sambaza na uangalie urefu wao kabla ya kuuliza bei.